Nani Alilala Hapa

Wamenivisha kizibao, wamenipa kishkwambi chenye chaji
na ramani ya Mahomanyika iliyokatwa vipande.
Kipande changu ni cha sita.
Mwenyekiti wa mtaa akacheka: "Foibe, wewe ramani ya nini?
Si hapa ulipokuwa ukifukuza kwelea?"

Ni hapa. Juu ya jukwaa la miti, teo mkononi,
sauti imekauka kabla jua halijafika utosini.
Nilimuuliza bibi wako wangapi. Akasema kwelea hawahesabiwi;
hesabu punje walizoacha.

Leo nina swali moja la kuanzia, kila mlango:
Nani alilala hapa usiku wa kuamkia leo?

Bati la bluu. Bwana Ngatunga, wa wizarani, alihamia na begi na pasi.
"Mmoja. Mke na watoto wako Tabata. Shule, unajua."
Nyuma yake godoro la futi sita,
upande mmoja bado una nailoni.

Kwa jirani, kuta zimeishia kwenye linta.
Mafundi watatu wa Kondoa wanakung'uta saruji kwenye nywele.
Mwenye nyumba? Hajawahi kulala hapa hata usingizi wa mchana.
Paa la nini? Wanatazamana.
"Bado."
Kishkwambi kina bati, vigae, nyasi, udongo.
Bado haimo.

Mzee Mhuji anataja wapangaji wawili.
Kamba ya nguo inataja kumi na mmoja.
Namtazama yeye, yeye anaitazama kamba.
"Basi andika watano," anasema,
kama tunapatana bei ya mbuzi.

Upepo wa Agosti. Vumbi jekundu kwenye meno,
vumbi kwenye kioo; nafuta kwa pindo la khanga,
familia nzima inafutika. Naanza upya.

Mama Siwema ana mapipa manne na watoto wanne.
Nani alilala hapa?
"Nani alale? Boza lilisema saa nne, likaja saa tisa.
Tuandike tulikuwa kwenye foleni."
Nikauliza foleni ilikuwa na watu wangapi.
Swali hilo halimo. Niliuliza kwa niaba yangu.

Mahali pa kuzaliwa: Kasulu. Mahali pa kuzaliwa: Mbulu.
Tandahimba. Manyoni. Kibaha, lakini kwetu hasa ni Rombo.
Kidole kinauma.
Nimeandika nchi nzima na sijavuka korongo.

Jioni nikafika kwenye jiwe la mpaka,
palipokuwa zizi la bibi.
Mjomba Ndahani alilipwa, akanunua pikipiki;
pikipiki ikamla mguu, halafu ikauzwa.
Nilikuwa nimejiandaa kuchukia,
tangu asubuhi nilikuwa nikipaacha kwa makusudi pawe pa mwisho.

Chumba kimoja, pazia la kijani.
Mbukwenyi, nikasema.
Nikajibiwa "karibu dada," kwa lafudhi ya Sumbawanga.
Anaitwa Oresta. Mume yuko kwenye lori la mchanga.
Kitandani, kitu kidogo kimefungwa kitenge, kina siku nane.
"Na huyu?"
"Hakulala. Wala mimi. Lakini mwandike."
Jina?
"Bado."
Kwa hilo kishkwambi kina jibu: Mtoto.
Mahali pa kuzaliwa?
"Hapa hapa. Boza lilikuwa limeziba njia."

Kidole kikasimama.
Sitini na wawili tangu asubuhi,
na huyu ndiye wa kwanza
anayetoka palepale ninapotoka mimi.

Nikaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa.
Oresta akachota kikombe, akanimiminia nusu,
nusu nyingine akairudisha kwenye pipa, taratibu,
asimwage tone.

Nilikuwa bado nakunywa boza lilipopiga honi.
Milango yote ya kipande cha sita
ikafunguka kwa mkupuo.
Sikuhesabu.